Jinsi ya Kupima Akili za Ndege wa Mtaani Bila Kuwafungia Tunduni

Ndege anayeishi karibu na watu ana kazi ambayo mwenzake wa msituni hana: kila siku hulazimika kusoma tabia za kiumbe mkubwa asiyetabirika, ambaye mara humwaga makombo na mara hurusha jiwe. Kunguru, njiwa, shomoro na shakwe wameimudu kazi hiyo kiasi kwamba wamestawi katika miji ya karibu kila bara, na ujuzi wao unaweza kuchunguzwa na yeyote mwenye daftari, saa na subira. Maabara haihitajiki. Baadhi ya mambo muhimu yanayojulikana leo kuhusu akili za ndege yalipatikana barabarani, kwenye vituo vya mabasi na kando ya mapipa ya taka. Kinachohitajika ni utaratibu, kwa kuwa kosa linalowapata wengi wanaoanza ni kuwasifu ndege kwa jambo ambalo hawakulifanya.

Kisa cha kunguru na magari kinaonyesha tatizo lenyewe. Katika mji wa Sendai, Japani, kunguru wamejulikana kwa kuweka kokwa ngumu za mjozi barabarani ili magurudumu ya magari yazipasue. Watafiti waliowafuatilia kunguru wa California, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1997, waliamua kuhesabu badala ya kusimulia: walilinganisha nyakati ambazo gari lilikuwa linakaribia na nyakati ambazo barabara ilikuwa tupu. Waligundua kwamba kunguru wa huko hawakudondosha kokwa zaidi gari lilipokuwa likija. Kwao lami ilikuwa tu mahali pagumu pa kupasulia. Matokeo hayo hayawavunjii heshima kunguru wa Sendai, lakini yanatufundisha kwamba mtazamaji aliyesimama kando ya barabara kwa dakika tano, akaona kokwa moja ikipasuliwa na teksi, hawezi kujua ameona nini hasa.

Wala udogo wa kichwa usimdanganye mtu. Mwaka 2016 watafiti waliohesabu seli za neva katika bongo za ndege walionyesha kwamba seli hizo zimesongamana sana kwa kasuku na jamii ya kunguru, hata sehemu ya mbele ya ubongo wa baadhi yao ikawa na seli nyingi sawa na za nyani wenye bongo kubwa zaidi, au kuwapita. Kwa hiyo uwezekano upo. Swali ni namna ya kuuona bila kujidanganya.

Kwanza, wajue mmoja mmoja

Chagua sehemu moja ambapo ndege huja kila siku bila kuitwa, na ukae hapo wakati uleule na umbali uleule. Mita kumi hutosha kwa kuanzia. Kwa wiki ya kwanza usifanye lolote ila kuandika: nani anatangulia kutua, nani anamfukuza mwenziwe, wanatoka upande gani, na wanaondoka kwa sababu gani. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka. Hata hivyo, bila rekodi ya siku za kawaida hutakuwa na kitu cha kulinganisha utakapoanza kubadilisha mambo.

Katika wiki hiyo tafuta alama za kumtambua kila ndege: kidole kilichokatika, unyoya mweupe kwenye bawa jeusi, ncha ya mdomo iliyopinda, mguu unaochechemea. Njiwa ni rahisi kwa sababu rangi zao hutofautiana sana. Shomoro ni wagumu, ingawa madume huwa na doa jeusi chini ya mdomo ambalo ukubwa wake haulingani kwa wote. Ukishindwa kuwatofautisha, bado unaweza kufanya majaribio mengi, ila usiandike kwamba “amejifunza”, kwa maana aliyefaulu leo huenda si yule aliyeshindwa jana. Kuwapaka rangi au kuwavisha pete kwa mkono wako mwenyewe usikufikirie. Katika nchi nyingi kazi hiyo ina kibali chake na wataalamu wake.

Kipimo cha kwanza cha kujifunza ni umbali wa kuruka. Mwendee ndege aliyeko chini kwa mwendo wa kawaida, ukinyoosha moja kwa moja, na pale anaporuka hesabu hatua zilizobaki hadi pale alipokuwa. Rudia kwa ndege mbalimbali hadi upate wastani. Namba hiyo itakufaa karibu katika kila jambo linalofuata.

Je, wanakufahamu kwa uso?

Hili ndilo jaribio lenye historia nzuri kuliko yote. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa kale wa mapangoni walipokuwa wakiwakamata kunguru saba na kuwavisha pete, kisha wakawaachia. Baada ya hapo, kila aliyepita chuoni hapo akiwa amevaa kinyago kile alizomewa na kunguru, na aliyevaa kinyago kingine, chenye sura ya Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani wakati huo, aliachwa apite. Miaka iliposonga, idadi ya wanaozomea iliongezeka, na miongoni mwao walikuwamo kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa kabisa. Waliupata uadui huo kwa wazazi na majirani.

Ndege wengine huhitaji muda mfupi zaidi. Huko Gainesville, Florida, ndege waigizaji wa sauti waliokuwa wakiatamia mayai walizoea kumtambua mtu aliyegusa kiota chao baada ya kufikwa naye mara mbili tu, kila mara kwa sekunde thelathini, ilhali wapita njia wengine hawakuwashughulisha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Jijini Paris, njiwa walilishwa na watu wawili wenye umbo linalofanana, waliovaa makoti ya rangi tofauti, mmoja akiwa mpole na mwingine akiwafukuza. Hata watu hao walipobadilishana makoti, njiwa waliendelea kumkwepa yule mkorofi.

Usirudie upande wa uadui. Mbali na ukatili wake, utajikuta unazomewa na kunguru kwa miaka, na jirani zako watataka kujua sababu. Fanya upande wa wema. Tafuta mwenzako mnayekaribiana kimo na umbo, mvae nguo zinazofanana, na kila siku kwa muda wa wiki mbili mpite mahali pale kwa nyakati tofauti: mmoja aache chakula kidogo, mwingine apite vilevile bila kuacha kitu. Kisha ije siku ya kipimo, ambapo nyote wawili mnapita mikono mitupu, na anayetangulia anaamuliwa kwa kurusha sarafu. Mtu wa tatu, asiyejua nani alikuwa mlishaji, akae mbali na kuandika ndege walisogea hadi umbali gani na baada ya sekunde ngapi.

Huyo mtu wa tatu asikosekane. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mjini Berlin, kulikuwa na farasi aliyesifika kwa kufanya hesabu, akigonga kwato kutoa jibu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi yule alikuwa akisoma mitikisiko midogo ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anaifanya. Ndege anayekusoma kila siku ataisoma pia hamu yako ya kumwona akifaulu; na mwandishi anayejua jibu linalotarajiwa huona ndege wamesogea hata pale ambapo hawakusogea.

Ndege wakimtambua mlishaji, badilishaneni kitu kimoja kwa siku moja: kofia leo, shati wiki ijayo, kisha mwendo wa kutembea, na mwisho mfunike nyuso kwa barakoa. Wakichanganyikiwa mlipobadilishana kofia, basi walikuwa wamekariri kofia. Hilo nalo ni jibu halali na mara nyingi lina faida kwa ndege, kwani kofia huonekana kutoka mbali kuliko pua. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja kwa sababu ya haraka.

Macho yako yana uzito gani?

Jaribio hili huchukua mchana mmoja. Katika miji ya pwani ya Cornwall, Uingereza, watafiti waliweka mfuko wa chipsi chini na kuwapima shakwe mara mbili: mara moja mtu aliyekaa karibu akimkodolea macho ndege, na mara nyingine akiwa amegeuzia uso pembeni. Shakwe 74 walilengwa, lakini ni 27 tu waliothubutu kukisogelea chakula, na 19 ndio waliomaliza vipimo vyote viwili. Walipotazamwa, walichelewa kukifikia chakula kwa wastani wa sekunde 21 zaidi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2019.

Unaweza kulirudia jaribio hilo kwa kunguru au njiwa. Weka chakula kwenye mfuko unaoonekana ndani lakini usioweza kuliwa kwa haraka, uweke uzito juu yake ili usiibwe, na ukae mita moja na nusu kutoka hapo. Pima muda kwa saa, upande mmoja ukiwa unatazama na mwingine ukiwa umegeuza kichwa, mpangilio ukiamuliwa na sarafu. Angalia pia hesabu ya wale waliokataa kabisa. Hao si takataka za jaribio; shakwe 47 wa Cornwall ambao hawakusogea wanatuambia kwamba sifa ya “shakwe mwizi wa chakula” inatokana na wachache majasiri, na wenzao hukaa juu ya paa wakitazama.

Kabla ya kuweka chakula

Tumia karanga zisizo na chumvi kwa kunguru na nafaka kavu kwa njiwa na shomoro. Mkate haudhuru kwa kipande kimoja lakini hauna lishe ya maana, na chakula chenye ukungu ni sumu. Toa kiasi kinachokwisha ndani ya dakika chache, kwa sababu mabaki huita panya, na msongamano wa ndege kwenye sahani moja husambaza magonjwa. Safisha vyombo kila wiki kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya kung'arishia nguo kwa sehemu tisa za maji, suuza, uanike vikauke. Nawa mikono. Ndege aliyekufa au anayezubaa bila kuruka usimguse; sitisha ulishaji na utoe taarifa kwa mamlaka ya mifugo au wanyamapori. Usitumie uzi, nyavu wala gundi popote, kwani uzi mmoja mwembamba unaweza kukata mguu wa njiwa polepole hadi kidole kidondoke. Viota viachwe. Baadhi ya mitaa ina sheria zinazokataza kulisha ndege, na hapo utabaki na majaribio ya kutazama tu, ambayo si haba.

Sanduku la fumbo

Sasa tunafika kwenye kipimo kinachopendwa na wengi na kinachoharibika kwa urahisi. Chukua chupa ndogo ya plastiki angavu, uondoe kifuniko, uigeuze mdomo uelekee chini na uifunge imara kwenye kigingi kwa waya mnene. Juu kidogo ya shingo kata nyufa mbili zinazotazamana, kisha pitisha kijiti bapa kinachojitokeza nje sentimita tatu hivi kila upande. Kata kitako cha chupa ili upakie karanga kutoka juu, halafu ukifunike kwa kitu kizito. Karanga zitakaa juu ya kijiti zikionekana waziwazi. Ndege akikivuta, zitaanguka kwenye sahani iliyo chini. Kingo zote zilizokatwa zilainishwe kwa msasa na kufunikwa kwa utepe. Kwa njiwa na shomoro, ambao si wavutaji wa vijiti, tumia trei yenye vishimo iliyotiwa nafaka, kila kishimo kikifunikwa kwa kipande chepesi cha karatasi ngumu kinachoweza kusukumwa kwa mdomo.

Usitegemee lolote siku ya kwanza. Ndege wa mjini, pamoja na ujasiri wake, huogopa kitu kigeni kilichotokea ghafla mahali anapopajua. Acha chombo kikae siku kadhaa kikiwa na chakula pembeni, kisha kikiwa wazi, na ndipo ukifunge.

Mtazame kunguru anapokijia chombo kwa mara ya kwanza. Hatui karibu nacho. Hutua mbali, husogea kwa hatua za upande kama kaa, mwili ukiwa umeelekea kule atakakokimbilia. Hukitazama kwa jicho la kulia, hugeuza kichwa akakitazama kwa jicho la kushoto. Hunyoosha shingo hadi manyoya ya koo yajitenge, hudonoa mara moja na kuruka nyuma kwa mabawa nusu wazi kabla hata ya kujua kilichotokea. Kisicholipuka hudonolewa tena. Kati ya donoa la tatu na la kumi utaona tofauti ya kweli baina ya ndege na ndege: mmoja anarudia kudonoa plastiki palepale karanga inapoonekana, mwingine anaacha, anazunguka chombo, na kuanza kuvuta vinavyojitokeza. Andika kila jaribio la mdomo, limegusa wapi. Muda wa kufungua peke yake hauelezi kitu, kwa kuwa ndege anaweza kukiangusha kijiti kwa bahati. Kinachoeleza ni kama makosa yanapungua kutoka ziara moja hadi nyingine.

Ukishaona ndege amekizoea kijiti, ongeza cha pili juu ya karanga, kisichoshikilia chochote. Anayeelewa kinachozuia karanga atakiacha hicho cha pili. Anayejua tu kwamba “kuvuta huleta chakula” atavuta vyote, na tusimwonee haya, maana wanadamu wengi huendesha vyombo vyao vya nyumbani kwa falsafa hiyohiyo.

Baadaye huja swali la kuigana, ambalo ndilo lililonivutia mimi katika somo hili tangu mwanzo. Mwaka 1921, huko Swaythling kusini mwa Uingereza, ndege wadogo walionekana wakitoboa vifuniko vya chupa za maziwa zilizoachwa milangoni ili wanywe malai ya juu, na katika miongo iliyofuata tabia hiyo ikaenea sehemu nyingi za nchi. Kila mtu alisema wanaigana. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 1984, lililofanywa kwa ndege wa jamii hiyohiyo huko Kanada, lilionyesha kwamba ndege anayekuta chombo kilichokwisha kufunguliwa hujifunza kufungua hata kama hakumwona yeyote akifungua: anaonja, anaunganisha chombo na chakula, na safari nyingine anakishughulikia mwenyewe. Kwa mtu wa majaribio ya nyumbani maana yake ni moja: usiache kamwe chombo kilichofunguliwa. Kirudishe katika hali ya kufungwa kila baada ya ndege kufaulu, na uandike ni ndege gani walikuwapo wakitazama. Ndipo utakapoweza kulinganisha wale walioshuhudia na wale ambao hawakushuhudia.

Uigaji wa kweli upo, na umethibitishwa kwa njia kama hiyo. Katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, watafiti waliwafundisha ndege wawili wa kila kundi kufungua mlango wa sanduku kwa kuusukuma upande mmoja, wengine kulia na wengine kushoto, ingawa pande zote mbili zilifungua. Baada ya siku 20, wastani wa robo tatu ya ndege wa makundi hayo walikuwa wakifungua, na wengi walifuata upande wa walimu wao. Mjini Sydney, kasuku weupe wenye ushungi walianza kufunua mapipa ya taka kwa kunyanyua kifuniko na kutembea ukingoni hadi kipinduke. Kabla ya mwaka 2018 tabia hiyo ilikuwa imeripotiwa katika vitongoji vitatu, na kufikia mwishoni mwa 2019 vilikuwa 44. Ilisambaa kutoka kitongoji hadi kitongoji jirani, na mbinu ya kufunua ilitofautiana mahali hadi mahali. Ramani ya namna hiyo unaweza kuichora nawe: waombe majirani wenye mapipa au milango inayochokonolewa na ndege wakuandikie tarehe ya kwanza waliyoona, na kama ndege walitumia mdomo, mguu au uzito wa mwili.

Majaribio yasiyohitaji chakula

Shomoro wa kituo kimoja cha mabasi huko Hamilton, Nyuzilandi, walionekana wakipeperuka mbele ya kifaa cha kutambua mwendo hadi mlango ufunguke, kisha wakiingia mkahawani. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1991. Ukiona jambo kama hilo, hesabu pia mara ambazo ndege alipeperuka hapo bila nia ya kuingia, na mara ambazo mlango ulifunguliwa na mtu. Nchini Ufaransa, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ndege waliotua barabarani walikuwa wakiruka mapema zaidi kwenye barabara zenye kikomo kikubwa cha mwendokasi, hata gari lililokuja lilipokuwa likienda polepole: walikuwa wamejifunza barabara, si gari. Ukiwa umesimama pembezoni mahali salama unaweza kulinganisha njia mbili za mtaani kwako.

Sauti za tahadhari nazo zinafaa kuandikwa. Tega sikio paka anapopita, kisha mwewe anapopita, uone kama ni mlio uleule. Usipige sauti zilizorekodiwa ili kuwachokoza. Huwapotezea nguvu na muda wa kula.

Kuhusu kumbukumbu, ondoa sanduku kwa miezi kadhaa. Punguza ulishaji kidogo kidogo kabla ya kuliondoa, na uandike tarehe ya mwisho ambayo kila ndege unayemtambua alikuja. Unapolirudisha, lirudishe likiwa limefungwa tangu dakika ya kwanza, bila hatua za kulizoesha, na upime muda kwa wale wa zamani na kwa wageni katika safu mbili tofauti za jedwali. Huko Wytham masanduku yaliporudishwa mwaka uliofuata, ndege walikuwa wangali wakisukuma upande uleule wa mila ya kundi lao, licha ya kwamba wengi wa waliokuwapo mwanzoni walikuwa wamekwisha kufa. Kwa sababu hiyo acha nafasi ya safu ya tatu, ya makinda waliozaliwa chombo kikiwa ghalani, na anza kuijaza siku wazazi wao watakapowaleta.